Uzito Unapohamia Tezi

Ukitaka kujua mashua ya Mtwara iliundwa zama zipi, usiitazame omo. Omo haitakwambia kitu. Hanamu imelala mbele vilevile, mbao zimepanda na kukutana juu yake kwa mkunjo uleule, na mtu aliyeondoka Mikindani akiwa mtoto akirudi mzee ataitambua mara moja. Zunguka nyuma. Subiri maji yakupwe, vyombo vilale ubavu mchangani, kisha uzitazame tezi moja baada ya nyingine. Za zamani zimebanwa na kuinuliwa, nyembamba chini na pana kidogo juu. Za sasa zimepanuka na kushuka, zimesimama karibu wima, na ubao wa nyuma una unene wa kubeba mashine ya kupachika bila kutikisika.

Mabadiliko hayo yamefanywa chombo kwa chombo, chini ya miembe na minazi, na mafundi wenye tezo na keke, kuanzia Sudi na Mikindani, kuvuka hadi Msangamkuu, na kuteremka Msimbati mpaka vijiji vinavyoukabili mlango wa Ruvuma. Wamekishika chombo ambacho kila mtu wa pwani anakijua kwa sura, wakakigusa mahali panapoamua mwendo wake wote, na sura ikabaki. Kazi ya namna hiyo ni ngumu kuliko kubuni kitu kipya kabisa, na makala hii ni ya kuisifu.

Chombo na nguvu zake

Mashua huanza na mkuku, mti mmoja mnene ulionyooka, wa mkongo au mvule fundi akibahatika kuupata. Mbele ya mkuku husimamishwa hanamu, nyuma husimamishwa fashini, na hapo uti wa chombo umekamilika. Mbao za kwanza hupigwa kandokando ya mkuku, ndipo mataruma yanapoanza kuingia, na kuanzia hapo mbao na mataruma hupanda pamoja, kila kimoja kikimsahihisha mwenzake.

Mataruma ndiyo yanayomtenga fundi na mpiga misumari. Mti wa taruma hautiwi motoni ili upinde. Hutafutwa ukiwa umekwisha kupinda wenyewe. Fundi huingia mikokoni akiyatazama matawi ya mlilana, mti unaosifiwa kwa kuwashinda wadudu wanaotoboa vyombo, na kila tawi hulipa nafasi yake lingali mtini. Hili lina mkunjo mpana, litakaa sakafuni. Lile limekata kona ghafla, litashika pale ubavu unapogeuka kupanda. Mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata kunataka kibali, kwa hiyo tawi lililopatikana kwa haki halichezewi. Sehemu ya umbo la mashua imeamuliwa na namna miti ilivyokua, na fundi anaupokea uamuzi huo na kuufanyia kazi.

Mbao zikikamilika, nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi butu mpaka ikazame. Kisha mlingoti unasimamishwa, umeinama mbele kidogo, kitako chake kikiingia katika tundu la mwashiri, ule mti mzito uliolala sakafuni juu ya mataruma. Juu ya mlingoti hupandishwa foromali, na kwenye foromali hufungwa tanga la pembetatu.

Sasa angalia nguvu zinavyogawanywa. Tanga linasukuma kupitia mlingoti, nao mlingoti umesimama mbele kidogo ya katikati. Farumi, iwe ya mawe au mifuko ya mchanga, hulala katikati na huhamishwa upepo unapobadilika. Mabaharia hukaa upande wa juu kuzuia chombo kisilale. Nyuma kabisa yuko nahodha peke yake, ameshika kana. Tezi haikuwa na mzigo mwingine, na kwa sababu hiyo waunzi wa zamani waliibana na kuinua. Maji yaliyopasuliwa na omo yalipaswa kufika nyuma, yakutane tena taratibu na kukiacha chombo kiende. Tezi pana ingeyavuta maji nyuma yake na kumnyang'anya nahodha mwendo ambao upepo umempa. Wembamba ule ambao macho yetu huuona urembo ulikuwa na kazi kamili, na urembo ulifuata kazi.

Na hicho tunachokiita chombo cha jadi nacho kimesanifiwa upya mara nyingi. Mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki habari za safari za Bahari ya Shamu na Hindi, katika karne ya kwanza, alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu, penye bandari aliyoiita Rhapta. Ushonaji huo uliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20 katika mtepe, uliounganishwa mbao zake kwa kamba za makumbi ya nazi, na kuendeshwa kwa tanga la mkeka lenye pembe nne. Misumari ya chuma ikachukua nafasi ya kamba. Tanga la pembetatu likachukua nafasi ya mkeka. Tezi bapa, ambayo wanahistoria wengi huihusisha na merikebu za Ulaya zilizoanza kuonekana katika bahari hii baada ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498, ikachukua nafasi ya nyuma iliyochongoka. Kila mara waunzi walichukua kilichowafaa, wakakiweka mahali pake, na baada ya vizazi viwili kikawa cha jadi.

Bahari iliyokinoa chombo

Kuna sababu ya kuitazama kazi hii Mtwara na si popote tu. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki, ukipita kaskazini mwa Madagaska, hufika pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na hapo hugawanyika. Tawi moja hushuka kusini. Jingine hupanda kaskazini, likipita mbele ya Ghuba ya Mnazi na Ras Msimbati mwaka mzima, kusi au kaskazi. Anayetoka Msimbati kwenda Mikindani anabebwa. Anayerudi analipa.

Wakati wa kusi, upepo na mkondo huelekea upande mmoja, na kurudi kusini ni kubisha dhidi ya vyote viwili. Wakati wa kaskazi upepo hugeuka ukaupinga mkondo, na mawimbi huwa mafupi yenye migongo mikali, yanayofuatana bila kumpa nahodha nafasi. Maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo chombo cha hapa lazima kikubali kukaa juu ya mchanga mara mbili kwa siku bila mbao kufunguka. Kwenye mlango wa Ruvuma, mto huleta mchanga wake na kuumwaga unapotaka. Fungu lililokuwa upande huu mwaka huu, baada ya mafuriko unalikuta upande ule. Mkuku mrefu kwenda chini, unaosaidia sana kubisha, hapo unakuwa mtego.

Mashua ya kusini ni jibu la maswali hayo yote kwa pamoja. Ina mkuku wa kutosha kushika maji inapobisha na mfupi wa kutosha kuvuka mafungu. Ina ubavu wa kuegemea mchangani. Ina omo inayopanda wimbi fupi bila kulichimba. Fundi anayetaka kukigusa chombo cha namna hii anajua kwamba akivuta uzi mmoja, mwingine unalegea.

Mashine inapofika

Kwa muda mrefu bahari ilikuwa barabara kuu ya kusini. Masika yakikolea, njia ya nchi kavu kwenda Dar es Salaam ilikatika, na shehena ilingoja majahazi na meli. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, na lami ikazidi kusogea mwaka hadi mwaka, mizigo mingi ilipanda malori. Mashua ikabaki na uvuvi na abiria wa visiwani na vijiji vya ng'ambo, kazi mbili ambazo saa ni fedha. Samaki aliyechelewa ni samaki aliyeshuka bei. Wavuvi wakataka mashine.

Hatua ya kwanza ilikuwa ile ambayo mtu yeyote angeifanya: kuchukua mashua iliyopo na kuipachika mashine nyuma. Mashine ya hospawa 15 ina uzito unaokaribia kilo 40, na ya hospawa 40 hupita kilo 70. Ongeza tangi la petroli na mtu wa kuiendesha. Mzigo huo wote unakaa mwisho kabisa wa chombo, mahali ambapo fundi wa zamani alipaacha patupu kwa makusudi. Tezi iliyobanwa haina upana wa kuelea juu ya maji, inazama. Omo inainuka, nahodha haoni mbele, na kadiri anavyozidisha moto ndivyo nyuma inavyozidi kukaa chini, petroli ikiungua kwa kazi ya kuinua omo tu. Wimbi likija kutoka nyuma, linaingia ndani.

Kuna shida ya pili, ndogo kwa macho na kubwa kwa mfuko. Fashini ni mti mnene uliosimama katikati ya nyuma, na usukani umening'inia juu yake. Maji yanayopita kandokando yake hayatulii. Yanazunguka na kuchanganyika na hewa. Propela ikiwekwa ndani ya maji hayo inasaga povu. Mashine inalia, chombo hakiendi. Na kuna shida ya tatu, ya kimo. Mashine hizi huja na mguu mfupi wa tezi yenye kimo cha sentimita 38 hivi, au mguu mrefu wa sentimita 51 hivi. Tezi ya jadi iliinuliwa bila kujua habari za miguu hiyo, kwa hiyo propela ilikaa juu mno, na kila wimbi likipita ilitoka nje na kupiga hewa.

Jibu la waunzi ndilo linalonifanya nivue kofia. Fundi mwepesi angepanua ubao wa nyuma peke yake, kwa sababu ndipo mzigo ulipo. Waunzi wazuri wa pwani hii walianza mbali zaidi. Walianza kuufungua ubavu kuanzia nyuma kidogo ya mwashiri, taruma kwa taruma, kila moja likiwa pana kuliko lile ambalo lingekaa hapo zamani kwa kiasi kidogo sana, mpaka linapofika la mwisho upana wote umekuja bila maji kukutana na bega lolote la ghafla. Sakafu ya nyuma, iliyokuwa na umbo la kabari, wakailaza polepole. Tezi ikapata mahali pa kukalia.

Nilimtazama fundi mmoja wa Msangamkuu akiliweka taruma la tatu kutoka nyuma. Lilikuwa la mlilana, limechongwa kwa tezo siku iliyotangulia, na kwa macho yangu lilikuwa limemaliza kazi. Alilipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta upande unaokutana na mbao, akaliingiza mahali pake, akaligonga mara moja kwa ngumi, akalitoa. Mbao zilibaki na madoa meusi manne. Hapo tu ndipo mti na ubao vilipogusana. Akachonga taruma mahali palipotia doa, mkupuo mmoja wa tezo, ganda jembamba likaanguka, akapaka tena, akaingiza tena. Madoa yakawa saba. Kijana aliyekuwa akimshikia mwanga wa simu chini ya ubavu alichoka.

"Babu, si limeshakaa?"

"Halijakaa. Limeegemea tu."

Akaendelea. Kila mara madoa yaliongezeka na kupanuka, yakaanza kuungana, mpaka mbao zikabaki na mstari mmoja mweusi kutoka mkukuni hadi ukingoni. Hapo ndipo alipoomba misumari. Taruma lililoegemea hubeba mzigo mahali panne, na mashine ikitetema kila siku, mahali hapo panne ndipo mbao zinapopasuka. Taruma lililokaa hubeba kwa urefu wake wote. Kwa tezi ya tanga, tofauti hiyo ingechukua miaka kuonekana. Kwa tezi ya mashine huonekana mapema, na fundi huyu alikuwa ameilipia kabla haijamdai.

Ubao wa nyuma nao una elimu yake. Katika mashua nzuri huwa ni matabaka mawili ya mbao, nyuzi za moja zikikata za jingine, na hufungwa kwenye ubavu kwa vipande vya mti vilivyokua na kona, ili nguvu ya mashine isisukume ubao peke yake, isambae mpaka kwenye mbao ndefu za ubavuni. Kimo chake hupimwa kwa mguu wa mashine ambayo mwenye chombo amekwisha kuinunua au ameitaja. Fashini inachongwa ukingo wake wa nyuma uwe mwembamba, maji yafunge upesi baada ya kuipita. Na mashine huwekwa kando kidogo ya katikati, upande mmoja wa usukani, ili vyote viwili viishi pamoja.

Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote: usukani umebaki, na mwashiri umebaki. Mashua ya Mtwara yenye mashine bado ina tundu la mlingoti. Petroli inapanda bei, mashine inakataa katikati ya mkondo, na mvuvi aliye nje ya miamba ya Mnazi anahitaji njia nyingine ya kurudi nyumbani. Waunzi wamekiunda chombo cha nguvu mbili, moja inayosukuma kutoka nyuma na nyingine inayovuta kutoka kati, na wakapata umbo linalozikubali zote. Kwa tanga pekee kinakwenda taratibu kidogo kuliko mashua ya babu zao. Kwa mashine pekee kinazidiwa na boti ya mbio. Kwa mvuvi wa kusini hakuna kinachokishinda.

Kisa cha Corvette

Wapenzi wa magari wanakijua kisa kinachofanana na hiki, na kukisikia kunasaidia kuona ukubwa wa kilichofanyika kwetu. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilitoa gari la kifahari la mbio liitwalo Corvette. Mwaka huo yaliundwa 300 tu, yote meupe, na bodi yake ilikuwa ya faiba, mali ileile inayounda boti zinazoegeshwa leo pembeni ya mashua zetu. Injini ilikaa mbele, chini ya boneti ndefu, na boneti hiyo ndefu ikawa ndiyo sura ya Corvette kwa Wamarekani.

Mhandisi Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels mwaka 1909, aliingia katika kampuni hiyo mwaka uleule wa 1953, na katika miaka ya 1960 alikuwa amekwisha kujenga magari ya majaribio yenye injini nyuma ya dereva. Hoja yake ilikuwa ya uzito. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, hivyo uzito ukikaa karibu nayo yanashika barabara vizuri zaidi, na gari linageuka upesi kwa sababu mzigo mkubwa haupo tena kwenye pua. Wakubwa wa kampuni walihofia kwamba wateja hawatalitambua gari lao. Duntov alistaafu mwaka 1975 na kufariki mwaka 1996 kabla ya kuliona Corvette la namna hiyo likiuzwa. Lilioneshwa hadharani Julai 2019, kama modeli ya mwaka 2020, zaidi ya miaka hamsini baada ya majaribio yake ya kwanza.

Tazama wahandisi walivyofanya. Injini ilipohamia nyuma, boneti haikuwa na cha kufunika, ikafupishwa. Dereva akasogezwa mbele kwa sentimita 42 hivi. Mashabiki wengine walinung'unika kwamba gari limekuwa la Kiitaliano. Lakini wahandisi waliilinda injini ileile ya mitungi minane yenye mpangilio wa miaka mingi, wakabakisha paa linalotolewa kwa mikono, na wakahakikisha nyuma kunabaki nafasi ya mizigo ya watu wawili, kwa sababu mwenye Corvette husafiri nalo. Walijua kipi ni sura na kipi ni roho.

Corvette hilohilo linatupa pia mfano wa kinyume. Modeli ya mwaka 1963 ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa kati kwa uti uliopita juu ya paa. Kilipendeza, na wakusanyaji wa magari hulitafuta gari la mwaka huo hadi leo. Lakini uti ule ulimzibia dereva asione nyuma, na mwaka uliofuata kikawekwa kioo kimoja kizima. Pambo lililowekwa kwa ajili ya macho lilidumu mwaka mmoja. Uzito uliohamishwa kwa ajili ya mwendo uligharimu nusu karne, na umekuja kukaa.

Tofauti moja naiona inawapa heshima waunzi wetu. Kampuni kubwa ina handaki la upepo, kompyuta na viwanja vya majaribio. Gari likikosea, linasagwa na kuundwa jingine. Fundi wa Msangamkuu hana chombo cha majaribio. Kila anachounda kina mwenyewe, na mwenyewe ataingia nacho baharini akiwa na watoto wa jirani. Hatua zake kwa hiyo ni fupi: taruma moja pana zaidi mwaka huu, ubao mnene zaidi mwaka ujao, kisha anakaa pwani akitazama chombo kinavyorudi kimebeba. Usanifu wa namna hiyo unadai kumbukumbu ndefu na jicho lisilojidanganya.

Umbo lilelile, mali mpya

Kaskazini mwa pwani hii liko jaribio lililokwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2018, kisiwani Lamu, ilishushwa majini FlipFlopi, mashua ya mita 9 hivi iliyoundwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa, ikapambwa nje kwa ndara zilizookotwa ufukweni. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda, wa ukoo wa mafundi wa Lamu. Mapema mwaka 2019 ilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, umbali wa kilomita 500 hivi.

Hapo umbo halikuguswa. Mali ndiyo iliyobadilishwa. Na kazi ilithibitisha jambo ambalo fundi wa Msangamkuu angelitambua mara moja. Plastiki haina nyuzi za mti, hulegea kwa joto, na haijui kushika msumari kama mkongo unavyoshika. Mkuku na mataruma vililazimika kumiminwa, kisha kuchongwa na kuungwa kwa mikono iliyojifunza kwenye mbao. Ujuzi wa jadi ulibeba mali ambayo babu wa Skanda hakuiona. Lamu wamebadilisha mwili wakalinda umbo. Mtwara wamelinda mwili wakabadilisha umbo pale tu palipodaiwa. Kwa wote, kilichofanya kazi iwezekane ni mtu anayejua kwa nini kila mti uko mahali ulipo.

Wanachokijua waunzi

Boti za faiba zinaingia pwani ya kusini mwaka hadi mwaka, na serikali imekuwa ikizikopesha kwa vikundi vya wavuvi. Sina ugomvi nazo. Mbao nzuri zimeadimika, mikoko inastahili kulindwa, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina kila haki ya kuhesabu matawi yanayokatwa. Siku itakuja ambapo mvuvi wa Msimbati atazaliwa na kuzeeka bila kukalafati ufa.

Lakini faiba ni mali tu. Humiminwa ndani ya kalibu, na kalibu lazima iwe imechongwa na mtu aliyekwisha kuamua tezi iwe pana kiasi gani, ianze kupanuka wapi, na mkuku ushuke hadi wapi. Boti iliyosanifiwa kwa ziwa lililotulia, au kwa bandari yenye kina kisichobadilika, ikiletwa mbele ya Ras Msimbati wakati kaskazi unaupinga mkondo, itampiga mvuvi kiuno na kumlia petroli. Ikiletwa mlango wa Ruvuma itakaa juu ya fungu. Na isipokuwa na mwashiri, siku mashine ikizima itachukuliwa na maji kwenda kaskazini, na waliomo watabaki kutazama pwani yao ikipita.

Kwa hiyo nina ombi moja, nalitoa kwa wahandisi wa boti, kwa vyuo vya ufundi vya Mtwara na Lindi, na kwa yeyote mwenye fedha za kuagiza kalibu. Kabla ya kuwasha kompyuta, nendeni pwani maji yakiwa yamekupwa, mkiwa na futi, karatasi na fundi mmoja mzee wa kuwaongoza. Pimeni tezi za mashua zinazosifiwa na wavuvi wenyewe, andikeni upana wa kila taruma kuanzia mwashiri hadi nyuma, kisha muulizeni kwa nini la tatu la chombo hiki ni pana kuliko la nne la chombo kile. Atawajibu, kwa sababu hakuna taruma aliloliweka bila sababu. Elimu ya wapi uzito ukae imekwisha kulipiwa na watu wa pwani hii, kwa vyombo vilivyokalia tezi na petroli iliyoungua bure. Hakuna haja ya kuilipia mara ya pili.